Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Maandalizi Anapopiga Wenziwe

Swali: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na ameanza skuli ya maandalizi mwaka huu. Tangu nilipoanza kwenda kuchuma karafuu na kumwacha kwa bibi yake kutoka alfajiri hadi jioni, amekuwa akiwapiga wenziwe na kuwapokonya vitu, na akikatazwa hujitupa chini akapiga mayowe. Bibi humpa biskuti ili anyamaze. Baba yake anasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba dawa ni bakora, kwani chuoni anakosoma Kurani, ambako maalim huwa nayo mkononi, mtoto huyu hutulia kabisa. Nifuate lipi?
*Mama, Wete, Pemba*

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nianze na hilo la chuoni, kwa sababu ndilo linalowachanganya wazazi wengi. Mtoto anayetulia mbele ya bakora amejifunza kwamba hapo pana bakora. Hajajifunza afanye nini mwenziwe anapomchukulia kigari chake, na ndiyo maana mkono uliotulia asubuhi chuoni unapiga mchana skuli. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kuzuia hasira na kufikiri kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20. Mwana wa miaka minne, basi, anahitaji kufundishwa kutawala hasira yake kama anavyofundishwa kuvaa viatu, tena kwa kurudiwa mara nyingi.

Kabla ya kumfundisha, mchunguzeni. Kwa muda wa wiki moja, wewe, bibi na mwalimu wake mwangalie mambo matatu kila anapopiga: kilichotangulia, alichokifanya hasa, na alichokipata baada yake. Nadhani mtaona kwamba akipiga anakipata kitu alichokitaka, na akipiga mayowe anapata biskuti, kwa hiyo tabia hizo zinamfaa, na hataziacha mpaka apate njia nyengine itakayomfaa zaidi. Tazameni pia usingizi wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Msimu wa karafuu nyumba nzima huamka mapema na kuchelewa kulala, na mtoto aliyekosa usingizi hukasirika upesi. Kama huwa hageuki anapoitwa, mpelekeni hospitali akapimwe masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huhesabiwa kuwa mkaidi.

Kufundisha kwenyewe kunataka wakati wa utulivu, si wakati wa ugomvi, ambapo mtoto hasikii neno. Jioni, mkiwa mmekaa uani, mwambie mfanye mchezo: wewe ndiye mwenziwe uliyeshika kigari, naye anakitaka. Mfundishe kusema “naomba zamu yangu”, “sitaki, usinisukume”, “nimekasirika”, na kumwita mwalimu maneno yakishindwa. Rudieni kila siku, dakika chache tu. Vitendawili navyo ni mazoezi mazuri ya kusubiri, maana anayejibu “tega” hulazimika kuuzuia ulimi wake mpaka mwenziwe amalize, na mimi nasikitika kwamba katika nyumba nyingi televisheni imeuchukua wakati huo.

Anapopiga, chutama umkabili, umzuie mkono bila ya kumuumiza, useme maneno machache kwa sauti ya chini: “Umekasirika kwa sababu amekuchukulia. Sitokuacha umpige.” Kisha kaa karibu naye mpaka atulie. Akishatulia, mrejeshe kwa mwenziwe aliyepigwa, mumtazame pamoja kama ameumia, na aliombe tena lile alilolitaka kwa maneno mliyofanyia mazoezi. Na siku atakayosubiri hata kidogo, mwambie hasa alichokifanya, “umemngojea mwenzio mpaka akamaliza”, kwani “mtoto mzuri” peke yake haimwonyeshi ni lipi la kurudia.

Baba yake ana haki katika methali yake, na umwambie hivyo. Mzazi akikataa kitu kwa sababu ya maana, asilegee kwa kuogopa kilio. Lakini kuvumilia kilio ni jambo moja na kukisababisha kwa fimbo ni jambo jengine. Biskuti ya bibi ndiyo inayokwenda kinyume na methali hiyo, na hapa uongee naye kwa heshima, umshukuru kwa kukulelea, umweleze kwamba biskuti iwe ya chai ya asubuhi, isiwe ya kununulia kimya. Jiandaeni: siku za mwanzo mayowe yatazidi, kwa kuwa mtoto atajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa ikimfaa. Mkimpa siku ya tatu kwa kuchoka, mtakuwa mmemfundisha apige mayowe marefu zaidi.

Kubwa kuliko yote, ukirudi jioni mpe muda wako peke yake kabla ya kazi nyengine, hata kama ni robo saa. Amekupoteza kwa siku nzima, na hana maneno ya kukwambia.

Swali: Mimi ni mwalimu wa maandalizi, na darasa langu lina watoto wengi sana. Fujo huzuka hasa wakati wa kumaliza mchezo na kuingia darasani. Nifanyeje?
*Mwalimu, Unguja*

Jibu: Kubadili shughuli ghafla huwasumbua watoto wa umri huu, kwa hiyo watangulizie habari: dakika chache kabla, pita uwaambie mchezo unakaribia kumalizika, kisha tumia ishara ile ile kila siku, kama vile makofi ya mdundo mmoja ambayo wao huyajibu. Gawa watoto katika makundi madogo yenye pembe za kuchezea. Mpango wa Madrasa, unaosaidia skuli za maandalizi na unaofanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1990, umeonyesha kwamba pembe hizo zinaweza kujazwa vifuu, makombe na makopo bila ya gharama kubwa. Kanuni zako ziwe tatu au nne, nazo ziseme la kufanya, “tunatembea darasani”, badala ya “msikimbie”. Na bakora iache, mwenzangu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamkinga mtoto na ukatili, na darasa lenye hofu halina mtoto anayethubutu kuuliza.

Swali: Binti yangu huzungumza sana nyumbani lakini skuli hasemi hata neno. Je, ni adabu au ni tatizo?
*Baba, Makunduchi*

Jibu: Mwezi wa kwanza wa skuli, ukimya ni jambo la kawaida kwa watoto wengi. Ukiendelea baada ya hapo, usiuite adabu wala ukaidi. Mwombe mwalimu asimlazimishe kusema mbele ya darasa, amruhusu ajibu kwa kuonyesha kwa kidole, na amkalishe na rafiki mmoja anayemzoea. Nyumbani, mwalikeni rafiki huyo aje kucheza. Ikiwa miezi inapita bila ya mabadiliko, mpelekeni kwa daktari wa watoto na mumweleze wazi kwamba nyumbani anazungumza vizuri.