Kiitaliano cha Malindi: usikwame kwenye "ciao"

Kila mwaka masika yakishaanza, hoteli zikapunguza watu na bahari ikageuka rangi ya udongo kwa maji ya mto Sabaki, hapa Malindi, pwani ya Kenya, hunijia vijana wawili watatu wanaotaka kufanya kazi na wageni wa Kiitaliano, na swali lilelile: "Dada, Kiitaliano nitakijua kwa muda gani?" Nami huwauliza: unakitaka kwa kazi gani? Maana Kiitaliano cha kuuzia vikoi ni kimoja, cha kuwatembeza wageni kwenye magofu ya Gede ni kingine, na cha kusimama kati ya mgonjwa na daktari ni kingine kabisa. Nimepita hatua zote tatu kwa miaka 14, na haya ndiyo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni ya kibandani. Sarufi iache kwanza. Shika salamu, rangi, bei na namba, na namba uzijue hata ukiamshwa usingizini. 60 ni sessanta, 70 ni settanta, na sikio lisilozoea halisikii tofauti.

Kinachotaka subira hapa ni matamshi. Vokali hazitakusumbua sana, herufi zake ni tano kama zetu, na maneno yao mengi huishia kwa vokali kama yetu. Tunachoanguka nacho ni konsonanti mbili za aina moja zikifuatana. Sete ni kiu, sette ni saba. Nono ni wa tisa, nonno ni babu. Wengi husema sisi hatuna sauti hizo, lakini tunazo. Tamka "nne" polepole, usikie ulimi unavyotulia juu ya n kabla ya kuiachia. Hivyo ndivyo nonno inavyotamkwa. Mimi nilikuwa nikifagia kibanda asubuhi huku nikisema nne, nonno, nne, nonno, mpaka ulimi ukazoea. Kwenye kusoma kumbuka pia kwamba ch yao ni k yetu: chiave, ufunguo, soma "kiave".

Sasa la saa, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilimgharimu mtu mwingine. Mwaka wangu wa kwanza nahodha mmoja alinipa kazi ya kumtafutia wageni wa kwenda kutazama samaki kwenye hifadhi ya bahari. Alitaka kuondoka saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanakupwa, wakati matumbawe yanapoonekana vizuri. Nikawaambia mume na mke: "Alle due." Due ni mbili, neno sikulikosea. Lakini wao huanza kuhesabu saa kwenye saa sita yetu ya usiku, na saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni otto, nane. Nahodha alingoja ufukweni mpaka maji yakaanza kurudi. Wageni walifika saa nane mchana, miwani ya kuogelea mkononi, na maji yamekaribia kujaa. Siku yake yote ilipotea. Sikulipwa, na sikustahili kulipwa. Tangu hapo sitaji saa kabla ya kuongeza sita au kutoa sita kichwani, na mpaka leo naiandika kwenye karatasi nikampa mgeni mkononi.

Ukishayashika hayo utafika mahali patamu, na utamu wake ndio hatari. Utakuwa unauza. Utasema "io andare", mimi kwenda, "tu comprare", wewe kununua, vitenzi vyote vikiwa vizimavizima, mgeni ataelewa, atacheka nawe, atanunua. Wapo wenzetu hapa pwani waliokaa kwenye ngazi hiyo miaka 20. Siwalaumu, imewalipia watoto karo. Lakini hoteli haimweki mapokezi mtu wa "io andare", na mzee wa Kiitaliano aliyehamia Malindi hatampa mtu huyo barua zake amshughulikie.

Kupanda kutoka hapo lazima ukubali kwenda polepole kuliko ulivyokuwa ukienda. Mimi mwezi mzima niliuza kidogo, kwa sababu nilikuwa nasita mbele ya kila kitenzi. Ndiyo maana nasema hatua hii ianze masika, kazi ikiwa haba.

Na usipitie Kiingereza. Shule imetuzoesha kuingilia mlango huo kwenye kila lugha ya kigeni, na kwa Kiitaliano ni kuizunguka nyumba bure. Tazama: nasema, unasema, anasema, parlo, parli, parla. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi, kwetu mwanzoni, kwao mwishoni, kwa hiyo "io" si lazima, kama ambavyo wewe husemi "mimi" kila mara. Kikoi cheupe, vikoi vyeupe. Barca bianca, mashua nyeupe moja, barche bianche, zikiwa nyingi. Aliyelelewa na ngeli hashangai kuona sifa ikifuata jina lake. "Kinanipendeza" ni mi piace, na vikiwa vingi, "vinanipendeza", ni mi piacciono. Aliyepitia Kiingereza husema "io piaccio", na maana imegeuka: yeye sasa ndiye anayependeza.

Mimi kilichonichelewesha ni jinsia. Nilijifunza kwa kuwasikiliza wanaume, maana wengi wanaotembeza wageni hapa ni wanaume. Nikawa nasema "sono andato", nimekwenda, "sono stanco", nimechoka, kama asemavyo mwanaume, na mimi ni mwanamke. Miaka miwili. Kila mtu alinielewa, basi hakuna aliyenisahihisha, isipokuwa bibi mmoja mzee aliyekuja kununua kanga. Alinishika mkono akawa anaugonga kwa kidole, silabi kwa silabi: an-da-ta. Stan-ca. Akanyamaza, akasubiri nirudie. Nikarudia. Akalipa kanga yake akaenda, na kesho yake akapita makusudi kuniuliza jana nilikwenda wapi. Mtafute mtu wa namna hiyo, na ukimpata usimwonee haya. Na dada zangu, mkimsikia mwanaume akisema "sono" na neno kama andato au stanco, mwisho wake ugeuzeni kabla ya kulitumia.

Jifunze pia Lei, "wewe" yao ya heshima. Ufukweni tumezoea kumrushia kila mzungu "ciao", ilhali mtoto wa Malindi hawezi kumsalimu hivyo mzee wa mtaani kwake, atamwamkia shikamoo. Nao wana heshima yao. Kwa mtu mzima usiyemjua ni buongiorno, na ukimuuliza hali ni come sta, si come stai. Nimeona nyuso zikifunguka kwa herufi moja hiyo kuondolewa.

Hatua ya tatu niliingia bila kujitayarisha, usiku jirani yangu wa Kiitaliano alipougua nikaombwa nimsindikize hospitali. "Mi gira la testa," alisema. Kichwa kinanizunguka, vilevile kama kwetu, nikapumua. Lakini daktari alipouliza maumivu ya tumbo yalianza lini, mgonjwa akajibu kitu chenye tre giorni ndani yake, nami sikulishika neno dogo lililokuwa pembeni. Da tre giorni ni kwamba yameendelea siku tatu mpaka sasa. Tre giorni fa ni kwamba yalitokea siku tatu zilizopita, na huenda yalishapoa. Tra tre giorni ni baada ya siku tatu kutoka sasa. Nilimwomba arudie mara tatu, na mtu yuko kwenye maumivu. Hapa usikisie. Uliza tena, hata akichoka nawe.

Tangu usiku ule nina daftari la maneno madogo tu: da, fa, tra, na fino a, yaani mpaka. Kila moja nimeliandikia sentensi niliyoisikia kwa mtu, siyo niliyoitunga. Na masika haya nafanyia kazi simu, kwa sababu kwenye simu huoni mdomo wala mkono wa mtu, na settanta bado hunichanganya. Nina mwenzangu anayekaa Mambrui. Kila jioni baada ya magharibi tunapigiana, mmoja anasoma namba 20 kwa haraka, mwingine anaandika, kisha tunalinganisha. Jana nilikosa mbili.