Msiulaumu unga, tazameni mfuniko

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ni unga gani hufanya pete za vitunguu zikauke kau nyumbani?", limenigusa penye kidonda. Hapa Mombasa pete zikilegea, wa kwanza kulaumiwa ni unga. Leo utatiwa wa ngano, kesho wa dengu, keshokutwa kornflawa, na pete zitatoka zilezile, zimelala kama tambara lililorowa. Unga hauna makosa. Pete haziharibikii karaini, huharibika zikishatoka.

Mfano ni hotipoti moja ya futari, huko Majengo, Ramadhani ya miaka michache nyuma. Pete zilikuwa kama thelathini, zimekaangwa saa kumi na moja na robo, rangi ya dhahabu, ukizigonga kwenye sinia zinalia. Kwa kuogopa zisipoe, zikatiwa kwenye hotipoti motomoto, tishu chini, mfuniko ukakazwa barabara. Adhana ya Magharibi ikaingia, kama saa kumi na mbili na nusu, watu wakafungua kwa tende, hotipoti ikaletwa mkekani. Mfuniko kuinuliwa tu, ndani yake maji yametanda kama jasho la mpagazi, na tone moja likaanguka juu ya pete ya kwanza. Za juu zilikuwa laini. Za chini zimegandana, ukivuta moja kitunguu kinachomoka peke yake kama kamba ya kiatu, ganda linabaki kwenye tishu. Karibu yake palikuwa na sinia la viazi karai vilivyoachwa wazi tangu alasiri. Vimepoa, ndiyo, lakini vililika hadi cha mwisho. Na bado ukasikia: "Ngano ya siku hizi haifai."

Ngano imefanya nini? Kitunguu karibu asilimia 89 yake ni maji. Dakika mbili tatu za kukaanga hukausha ganda tu. Ndani kitunguu bado kinafuka. Mvuke huo lazima utoke, na njia yake ni kupitia ganda. Ukiufungia, unarudi kuwa maji papo hapo. Tishu nayo hunywa mafuta na kushika mvuke upande wa chini. Dawa yake ni wavu wa oveni, hewa ipite juu na chini. Kama huna, laza mwiko wa mti juu ya sufuria tupu uzitungike pete kama bangili. Chumvi ya juu inyunyizwe hapo, si kabla, maana kitunguu kikitiwa chumvi mapema hutoa maji na rojo linateleza.

Rojo kuteleza kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Kata kitunguu unene wa sentimita moja, tenganisha pete, kisha tazama upande wa ndani wa kila moja: kuna utando mwembamba kama nailoni. Uvue kwa ncha ya kisu. Usipouvua, rojo halina pa kushika, na ukiuma mara ya kwanza kitunguu chote kinakufuata mdomoni. Chagua vitunguu vikubwa vilivyokauka shingo. Vile vyekundu vigumu vya Tanzania pale sokoni Kongowea vinafaa kuliko vibichi vyenye shingo ya maji. Vidogo viacheni kwa kachumbari.

Vitunguu viwili vikubwa vinataka kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa mchele, kijiko cha chai cha bekin pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya friji kabisa. Anza na robo tatu ya kikombe, ongeza kidogokidogo mpaka rojo liwe jepesi kuliko la bhajia ila livike kijiko. Koroga mara chache tu, madonge madogo yaacheni. Ngano ikikorogwa sana hujenga gluteni, ganda likawa la kutafuna kama mkate. Futa pete zikauke, zipitishe kwenye unga mkavu, kung'uta, ndipo uzichovye.

Mafuta yawe na kina cha sentimita tano, yasipite nusu ya karai, na joto nyuzi 175 hadi 180. Asiye na kipimo adondoshe tone la rojo: likizama na kupanda mara moja likitokota, tayari, likikaa chini, bado, likiwa kahawia papo hapo, punguza moto. Tia pete tano au sita tu. Ukijaza karai joto linaanguka, ganda linakunywa mafuta badala ya kukauka. Dakika mbili hadi tatu, ukizigeuza mara moja. Na tafadhali, si mafuta yaliyokaangiwa samaki jana.

Nikiyasoma haya naona nimejisuta mwenyewe. Nimesema unga hauna makosa, kisha nimeandika nusu kikombe cha mchele bila hata kufikiri. Ukweli ni kwamba mchele hauna gluteni, ganda lake hukauka jembamba na huchelewa kulegea. Rojo la ngano tupu hulegea mapema zaidi, hasa kwa hewa yetu hii yenye unyevu, na msimu wa mvua za masika ndio usiseme. Basi unga una sehemu yake, nakubali. Unaongeza dakika, hauokoi saa nzima ndani ya hotipoti.

Kwa hiyo jibu langu ni unga wa mchele, nusu ya kipimo cha ngano, kwa sharti kwamba walaji wako tayari wamekaa. Za futari, kaanga mara ya kwanza mapema, nyuzi 160, dakika mbili, uzitandaze wazi. Adhana ikishaingia zirudishe kwenye mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika moja. Na kama nyumbani kwenu watu huswali kwanza ndipo wale, hata hiyo dakika moja ingojeni mpaka watoe salamu, au pikeni viazi karai.

Msomaji wenu, Mombasa