Faili la data linagoma kusomeka na skima ninayo

SWALI: Habari za kazi. Nimepewa faili la Protocol Buffers (mfumo wa kuhifadhi data kwa baiti badala ya maandishi) pamoja na skima yake ya .proto, yaani orodha ya fildi zake na aina zake. Nikilifungua kawaida naona alama za ajabu tu, nikiendesha protoc --decode (programu ya kusoma mafaili hayo) inagoma kabisa, na jina la mesiji nimelihakiki mara tatu liko sawa. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, skima yako usiitupe kwanza. Ujue ndani ya faili majina ya fildi hayamo, mle kuna namba ya fildi, aina na thamani basi, majina yote yanatoka kwenye skima.

Chukua baiti hizi, zimeandikwa kwa heksadesimali: 08 AC 02 12 04 4A 75 6D 61. Hiyo 08 maana yake fildi ya 1, inayofuata ni namba. Kwenye AC 02 kila baiti inabeba biti 7 za namba na ya 8 inasema kama bado kuna mwendelezo, kwa hiyo biti 7 za AC ni 44, unapata 44 jumlisha 2 mara 128, yaani 300. Halafu 12 ni fildi ya 2, urefu 04, herufi nne: Juma.

Sasa nadhani tatizo lako liko hapa, faili lako lina rekodi nyingi. Mesiji ya Protocol Buffers haina alama ya mwisho, ndo maana watu wengi wakiandika rekodi nyingi wanatanguliza urefu wa kila moja, na rekodi yetu ya baiti 9 itaanza na 09. Protoc haijui kuwa huo ni urefu, inaona fildi ya 1 yenye baiti 8 kamili, inazimeza nane zinazofuata na kuanzia hapo kila kitu kinavurugika.

Jaribu hivi, hiyo 9 weka urefu wa rekodi yako:

tail -c +2 faili.bin | head -c 9 | protoc --decode_raw

Ukiona 1: 300 na 2: "Juma" umeshamaliza kazi ngumu, iliyobaki ni lupu tu, soma urefu, soma baiti hizo, ipe skima, rudia. Kwenye Java parseDelimitedFrom inakusomea urefu na rekodi moja kila unapoiita.

Ila ikishakubali usikimbilie kufurahi, linganisha thamani na unazozijua, maana skima ikisema sint32 wakati aliyeandika alitumia int32 (aina mbili za namba zinazoandikwa kwa njia tofauti), ile 300 itasomeka 150 na hutaona kosa lolote.