Weka rejea ili ukaguliwe

Ukianza chuo, jambo la kwanza utakalosikia kuhusu rejea ni adhabu: usipotaja chanzo umeiba. Ni kweli. Mwaka 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alinyang'anywa shahada ya uzamivu, na siku chache baadaye akajiuzulu, kwa kuwa tasnifu yake ilijaa maneno ya watu ambao hakuwataja. Ila anayeweka rejea kwa hofu tu huishia kurundika majina mwishoni mwa aya, mengine hata hajayasoma.

Mwenye haja na rejea ni msomaji. Unamwambia: usiniamini mimi, nenda kaangalie.

Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa barua ya sentensi tano. Waandishi wake, Porter na Jick, walieleza kuwa kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za kutuliza maumivu wakiwa wamelazwa hospitalini, waliopata uraibu bila kuwa nao kabla walikuwa wanne tu. Kuhusu mtu anayemeza dawa hizo nyumbani miezi mfululizo, hawakusema neno. Barua hiyo ilikuja kutajwa zaidi ya mara 600. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wengi waliitumia kudai uraibu ni nadra, na takriban asilimia 80 hawakugusia kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Sentensi tano! Dakika moja ingetosha kuisoma. Lakini kwa kuwa rejea zilikuwepo, upotoshaji ule uliweza kufuatwa hadi ulikoanzia.

Basi usitaje usichokisoma. Ukikuta hoja ya fulani ndani ya kitabu cha mwingine na ya asili huipati, andika wazi kuwa amenukuliwa humo. Ukibadilisha maneno, hoja bado ina mwenyewe, mtaje. Namba ya ukurasa iandike papo hapo unaposoma, maana usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi hutaikumbuka. Kama chuo kinataka mtindo fulani wa kupanga marejeo, kama APA au MLA, fuata tu mwongozo. Hapo hakuna falsafa.

Na programu za akili mnemba hubuni marejeo yanayopendeza macho. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mawakili wa upande wa pili walikuwa wamezitafuta kesi hizo, wakazikosa.