Muulize Fundi: Wufa ya sebuleni na gitaa la umeme

Swali: Fundi, habari ya kazi. Nina gitaa la umeme nililouziwa na rafiki aliyehama Nairobi, ila amplifaya sina. Naishi Pipeline, chumba kimoja, na jirani ananisikia hata nikikohoa. Nimechomeka gitaa kwenye wufa yangu. Sauti inatoka lakini imefifia kama iliyofunikwa blanketi. Nataka kujifunza benga, baadaye nipige kanisani. Nina Sh15,000. Muuzaji mmoja pale Luthuli ananihimiza nichukue ya wati 40 nisije nikajuta. Binamu yangu aliye Marekani naye amesema atanitumia yake ya zamani. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Pipeline*

Jibu: Wote wawili wanakutakia mema, lakini kwanza tuimalize hii ya wufa, maana maswali yake hayaniishii.

Wufa yako ni nzima na gitaa lako ni zima. Shida ni kwamba hazijaumbwa kukutana. Pikapu za gitaa, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hutoa mkondo dhaifu sana, na zinahitaji kuingilia mahali penye ukinzani mkubwa, kama ohm milioni 1 hivi. Tundu za wufa, zile nyekundu na nyeupe, zilitengenezewa DVD na simu, na ukinzani wake ni maelfu machache tu au makumi ya maelfu. Gitaa likiingia hapo, sauti nyembamba ndizo humezwa kwanza. Hilo ndilo blanketi lako. Tena usidhani pedali ya distosheni, ile ya kukwaruza sauti, itakuokoa: spika ya gitaa hunyamaza kuanzia kama hertz 5,000, nayo wufa hutoa kila kitu hadi juu kabisa, kwa hiyo utasikia mkwaruzo wa kutoboa masikio.

Sasa wati. Kutoka wati 20 hadi 40 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ukitaka sauti isikike maradufu, nguvu inapaswa kuzidi kama mara 10. Kwa chumba cha Pipeline, wati 10 ni nyingi; nobu ya sauti hutaifikisha nusu kabla msimamizi wa ploti hajabisha hodi. Kanisani nako, palipo na mikser, gitaa huunganishwa kwa kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti yake moja kwa moja kwenye mikser) au maikrofoni ikawekwa mbele ya amplifaya, na kazi ya kujaza ukumbi ikaachiwa spika za kanisa. Ya wati 40 utakuwa umeibeba bure hadi ghorofani.

Kinachokufaa wewe ni usafi wa sauti. Mapigo ya benga yana ukoo na nyatiti, ala ya nyuzi 8: kila noti inachomolewa peke yake, haraka, na lazima isikike peke yake. Kwa hiyo ukifika dukani, chaneli ya distosheni iache kabisa. Weka klini, yaani sauti safi isiyokwaruzwa, piga solo kwenye uzi wa kwanza na wa pili juu kabisa ya shingo, kisha ushuke kwenye nyuzi nene. Za juu zikilia kwa ukali wa bati, au za chini zikigeuka mtetemo wa kasha, rudisha. Spika ya inchi 8 kwa kawaida huzibeba nyuzi nene vizuri kuliko ya inchi 6. Mimi ningependelea hizo inchi mbili za ziada kuliko efekti 20 ambazo zitakufanya ukeshe ukizungusha nobu badala ya kupiga gitaa.

Tundu la hedifoni ni lazima kwako. Chagua hedifoni za waya. Za bluetooth huchelewesha sauti, na kidole chako kitakuwa kimeshapita noti ndipo uisikie. Tafuta pia tundu la kuingizia simu, ili upige sambamba na rekodi. Fender Frontman 10G ina yote mawili, wati 10 na spika ya inchi 6, na kwa anayeanza haina makuu. Roland Micro Cube ni ndogo zaidi, lakini hutumia pia betri 6 za AA, jambo ambalo utalishukuru stima ikipotea, na klini yake imeigwa kutoka JC-120, amplifaya iliyotoka 1975 na ambayo wapenda sauti safi bado wanaililia. Kwa pesa zako, usione haya kununua iliyotumika.

Ya kutumika ijaribu kwa gitaa lako na waya wako. Iwashe bila kuchomeka kitu, pandisha sauti, usikilize. Mvumo mdogo ni kawaida. Zungusha kila nobu: ikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na fundi ataimaliza kwa dawa ya kupuliza. Kisha tikisa taratibu jeki ya waya wa gitaa. Sauti ikikatika, shusha bei au uondoke. Mulika spika kwa tochi ya simu uone kama karatasi imechanika.

Na ile ya binamu? Mwambie aipige picha nyuma, pale penye kibandiko cha umeme. Kikisema 120V peke yake, mshukuru umkatalie. Stima yetu ni volti 240. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo itabidi ikufuate kila uendako, hadi siku mtu wa kanisani mwenye haraka aichomeke moja kwa moja ukutani. Za namna hiyo huletwa kwenye benchi langu zikinuka moshi, mwenyewe akiniuliza kama ni fyuzi tu. Ikiwa ni ya adapta iliyoandikwa 100–240V, pokea kwa mikono miwili. Zinazotoka Uingereza hazina tatizo hilo. Hata plagi ni kama yetu.

Swali: Amplifaya yangu huvuma, lakini nikigusa nyuzi mvumo unapungua. Nimeambiwa gitaa limeungua ndani. Ni kweli?
*Msomaji, Rongai*

Jibu: Si kweli. Mvumo kupungua ukigusa nyuzi kunaonyesha waya wa ardhi wa gitaa umeunganishwa inavyotakiwa. Jisogeze mbali na chaja ya simu na taa za kubana umeme, ugeuke huku na huku. Utapata upande uliotulia. Ila ukigusa nyuzi ukahisi umeme unakutekenya vidoleni, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, na usiguse gitaa hilo tena kabla fundi wa stima hajapima ardhi ya soketi yako na ya amplifaya. Ploti nyingi zina soketi ya tundu tatu ambayo nyuma yake zimefungwa nyaya mbili tu.