Boga la Halloween linaoza mapema

Dada, unasema boga ulilowachongea watoto hapo Columbus, Marekani, liwe taa ya sikukuu ya Halloween, limeota ukungu na siku yenyewe, tarehe 31 Oktoba, bado. Pole, uliwahi mno. Likishatobolewa, siku tatu nne tu linaanza kunywea, na kukiwa na joto ndiyo balaa kabisa. La pili lichonge tarehe 29. Mfuniko ukate kwa kuinamisha kisu kuelekea katikati, ili mfuniko usitumbukie ndani. Komba nyuzi zote kwa kijiko cha chuma mpaka ukuta ubaki kama sentimita 2.5, nyuzi hizo ndizo huanza kuoza. Ndani weka taa ya betri, maana mshumaa hulipika boga. Mbegu usitupe! Zioshe, zianike, tia chumvi, kaanga. Kwangu huisha kabla wageni hawajafika.