Jibu kwa mleta uzi: maswali 40 ya kuchagua hayatakuonyesha nani anaijua kanzidata

Mkuu, nimekuelewa. Umepewa kazi ya kupima wenzako saba, wote wamejaza kwenye fomu kwamba wanajua kubuni na kutumia kanzidata (database, yaani data iliyopangwa kwenye majedwali ndani ya kompyuta) ngumu. Bosi anataka kujua nani apelekwe mafunzo na nani akabidhiwe mfumo mpya. Umetunga maswali 40 ya A, B, C, D na unauliza kama yanatosha.

Hayatoshi hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu nilipoanza kazi ya kupima watu nilifanya kama wewe. Aliyeongoza alipata 37 kati ya 40. Kanuni za kupanga majedwali, zile zilizoanzia kwa Edgar Codd mwaka 1970, alikuwa nazo kichwani mpaka ngazi ya tatu. Miezi miwili baadaye akatumwa kubadilisha namba ya simu ya mteja mmoja. Akaandika UPDATE, amri ya kubadilisha data, akasahau WHERE, sehemu inayosema ni mstari upi ubadilike, akabonyeza. Wateja wote wakawa na simu moja. Kusahau kunampata yeyote, mimi mwenyewe kumenikosakosa. Kilichoniuma ni kwamba programu ilimwandikia palepale kwamba mistari zaidi ya elfu nne imebadilika, naye akaufunga ujumbe akaendelea na kazi nyingine. Kwenye maswali yangu yote 40 hakukuwa na hata moja la kuona kama mtu anasoma anachojibiwa na mashine.

Tangu siku hiyo napima kwa kazi ya mikono, mtu mmoja mmoja, saa mbili, mimi nimekaa pembeni na daftari. Na kubuni nakutenganisha na kutumia, kwa sababu ni ujuzi wa aina mbili. Kuna mhasibu anayechimbua ripoti yoyote unayotaka lakini hajawahi kutengeneza jedwali, na hana haja ya kujua. Ukimpa alama moja ya jumla unamwonea.

Kwenye kubuni nampa karatasi moja tu: fomu ya kuazima vifaa vya ofisi. Ina jina la mwazimaji, idara, simu, kifaa cha 1, kifaa cha 2, kifaa cha 3, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Namwambia, "Nitengenezee kanzidata ya hii." Halafu nanyamaza.

Wengi wanafungua kompyuta papo hapo na kuinakili fomu kama ilivyo: jedwali moja lenye safu ya kifaa1, kifaa2, kifaa3. Hapo nauliza, "Akija mtu anataka vifaa vinne?" Anayejibu "tutaongeza safu ya nne" nimeshajua yuko wapi. Anayesita, akafuta, akatenganisha jedwali la waazimaji, la vifaa na la maazimo, huyo ana msingi, hata kama hajui jina la alichokifanya.

Lakini mtu niliyemkumbuka kuliko wote ni dada mmoja wa masijala ambaye hakuwa na cheti chochote cha kompyuta. Hakugusa kibodi. Aliigeuza karatasi akatazama nyuma, kisha akauliza: "Samahani, vifaa vyote vinarudi siku moja?" Swali hilo ndilo kiini cha zoezi zima. Fomu ina nafasi moja ya tarehe ya kurudisha, ila kwenye maisha halisi projekta inarudi leo na laptopu wiki ijayo. Kwa hiyo tarehe ya kurudisha haikai kwenye azimo, inakaa kwenye mstari wa kila kifaa ndani ya azimo, na hapo linazaliwa jedwali la nne ambalo karatasi haikulionyesha. Wenye vyeti watatu waliomtangulia hawakuliona. Akaendelea kuuliza: mtu akihama idara, azimo lake la zamani lisomeke idara ipi? Laptopu mbili za aina moja tunazitofautishaje? Nilimpa alama za juu kabla hajachora kitu.

Ndiyo maana kwenye daftari langu ukurasa wa kwanza ni wa maswali anayoniuliza mtu, na alama zake ni nyingi kuliko za majedwali. Ukitaka kuongeza kidogo, angalia aina za data alizochagua. Simu ikihifadhiwa kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Fedha ikiwekwa kwenye namba za desimali za kukadiria, senti zitaanza kucheza kwenye jumla. Hayo yanaonekana kwa dakika mbili, huna haja ya kuyatungia mtihani.

Kutumia ni habari nyingine, na hapa ndipo mtego mzuri unapofanya kazi. Mimi naweka majedwali ya kituo cha mafunzo: wanafunzi, kozi walizojiandikisha, malipo. Kuna mwanafunzi mmoja nimempanga makusudi, ana kozi 3 na amelipa mara 2, kila mara 50. Namwambia mtu atoe jumla ya malipo ya kila mwanafunzi pamoja na idadi ya kozi zake. Ukiunganisha majedwali yote matatu kwa mkupuo, kila malipo yanajirudia kwa kila kozi. Mistari inakuwa 6 na jumla inasoma 300, wakati mwanafunzi ametoa 100. Amri inakubali, hakuna kosa jekundu, ripoti inapendeza. Kwa macho yangu nimeona watu wanaichapa na kunikabidhi.

Simkatii mtu alama kwa kupata 300 mara ya kwanza. Nasubiri kuona kama ataishuku. Anayechukua mwanafunzi mmoja, akamhesabu kwa kalamu, akagundua haiwezekani, kisha akajumlisha malipo peke yake kwanza ndipo akaunganisha, huyo mpe mfumo. Asiyehesabu, mpeleke mafunzo hata kama amri zake ni ndefu na za kuvutia.

Mtego wa pili ni mfupi: "Nionyeshe vifaa ambavyo havijawahi kuazimwa." Kwenye jedwali la maazimo naacha mstari mmoja ambao namba ya kifaa haikujazwa, yaani NULL. Anayetumia NOT IN ("kisichomo kwenye orodha") anapata orodha tupu, kwa sababu SQL, lugha ya kuandikia amri za kanzidata, ikikutana na NULL kwenye orodha ile haiwezi kuthibitisha kwamba kifaa chochote hakimo. Mmoja akaniandikia kwa ujasiri: "Hakuna, vyote vimeazimwa." Kumbe jedwali la vifaa lililo mbele yake lilikuwa na kifaa cha kutoboa karatasi ambacho nilikiingiza asubuhi ile ile.

Kuingiza data kutoka faili la nje usikuache, maana ofisini hiyo ndiyo kazi ya kila wiki. Mpe faili lenye tarehe za mitindo miwili na majina yenye nafasi iliyozidi mwishoni, uone kama atahesabu mistari kabla na baada. Mnakumbuka yaliyotokea Uingereza mwaka 2020, Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko, walipokosa kuripoti kwa wakati visa 15,841 vya corona? Data ilikuwa inapitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo linaishia mistari 65,536, na iliyozidi ikaachwa nje. Kuhesabu iliyoingia na iliyotoka kungetosha kuwashtua. Huo ni upimaji wa sekunde kumi.

Kuhusu bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, usiulize "unajua kufanya bekapu?" Kila mtu atasema ndiyo. Mwambie airejeshe kwenye kanzidata tupu mbele yako. GitLab, kampuni ya kuwahifadhia waandika programu kazi zao, watu wanaoijua kazi, Januari 2017 walifuta data ya kanzidata yao kuu kwa bahati mbaya, na walipogeukia bekapu wakakuta njia kadhaa walizozitegemea hazifanyi kazi. Wakapoteza data ya kama saa sita.

Mchangiaji wa juu ameuliza kama waruhusiwe kutumia akili mnemba. Waruhusu, kazini si watatumia? Ila mtego wa malipo unabaki pale pale, na amri ikishaandikwa mwulize kila mstari unafanya nini. Anayeijua atakuambia hata alipobadilisha. Kwa sababu hiyo hiyo siamini ushahidi wa picha za skrini zilizobandikwa kwenye jalada. Picha haijibu swali.

Hayo maswali yako 40 usiyatupe, bakisha kama kumi ya kuanzia, yawatoe watu woga. Na faili la mtihani usilitoe kwenye data halisi ya wateja, hata ukibadilisha majina. Tunga yako, mistari mia tano inatosha. Panda makosa yako humo, kisha andika pembeni umeyapanda wapi kabla hujasahau. Mimi mwaka juzi sikuandika. Kijana mmoja akanionyesha wanafunzi wawili wenye namba moja ya usajili, nikamsifu kwa kuugundua mtego wangu, na jioni nilipokaa na faili nikagundua sikuwahi kuutega.